Nani alikuwa wa kisasa mwaka 1968?

Mwanzoni mwa 1968, Mmaasai wa Mkoa wa Arusha alikatazwa kupanda basi akiwa amejifunga lubega. Avae suruali kwanza, aoshe ngeu, ule udongo mwekundu, mwilini, ndipo asafiri na raia wenzake. Oktoba ya mwaka huohuo, Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania, ukapitisha azimio: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 wasichana waache vimini, mawigi na krimu za kujichubua, na wavulana waache suruali za kubana. Kampeni ya Arusha ilimkuta mtu akiwa nyuma mno. Ile ya Dar, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilimkuta mtu amekwenda mbele mno, au tuseme amepinda kona isiyo yake. Zote mbili zilitoka kwenye dola lilelile na chama kilekile, ndani ya mwaka mmoja, na zote zilikuwa zinapima kitu kimoja: ngozi ya mwananchi ionekane kiasi gani.

Siku hizi ile ya Wamaasai imesahaulika karibu kabisa. Operesheni Vijana ndiyo inayotajwa, na hutajwa kwa namna mbili. Wazee wengine huikumbuka kwa kuitamani: enzi zile watoto walikuwa na adabu, nchi ilikuwa na mwenyewe. Wengine huisimulia kama kichekesho cha ujamaa, eti watu wazima wenye vyeo wakihangaika na pindo za sketi. Wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja ambalo mimi silikubali, kwamba ule ulikuwa ugomvi kati ya mila na usasa. Haukuwa. Mila hazikuwa na mwakilishi pale. Kila aliyesimama jukwaani alitaka nchi ya kisasa. Waligombana juu ya nani ana ruhusa ya kuonyesha inafananaje.

Niwatendee haki vijana wa TANU kwanza, maana hawakuwa wajinga. Nchi ilikuwa na miaka saba tu ya uhuru. Mwalimu Nyerere, siku anaapishwa kuwa Rais Desemba 1962, alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kulalamika kwamba waliosoma wanacheza rumba, chachacha na hata waltzi, huku gombesugu na lelemama hawazijui. Ndani ya lalamiko lile mlikuwa na kidonda cha kweli. Watu wazima walikuwa wamefundishwa darasani kwamba babu zao hawakuwa na lolote. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na neno likawa kujitegemea. Katika hesabu hiyo wigi linalonunuliwa kwa fedha za kigeni linauma, hasa mbele ya mkulima wa pamba wa Shinyanga ambaye jasho lake ndilo linaloleta hizo fedha. Kulikuwa na hasira nyingine pia, ya chini kwa chini: manaizi na wabenzi, wale waliorithi viti vya wakoloni, walionekana mjini na mabinti waliopendeza kwenye viti vya mbele vya magari yao. Kijana asiye na kazi, anayeshinda Kariakoo akisubiri kibarua, aliona kimini na Benzi kama kitu kimoja.

Kwenye krimu za kujichubua sina ugomvi nao hata kidogo. Zilikuwa sumu na biashara yake ilisimama juu ya aibu ya kuwa mweusi. Leo sheria zetu zinapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinapenya. Kama Operesheni Vijana ingeishia hapo, ningeandika makala ya kuisifu.

Haikuishia hapo. Hata kabla ya Januari, mwezi uleule wa Oktoba, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake katika vituo vya mabasi vya Kariakoo, wakawachania nguo, na polisi wakalazimika kuingilia. Azimio lilisema juu ya taifa. Kituoni kilichotokea ni wanaume wengi dhidi ya mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka kazini. Tazama pia nani hakuguswa: mwenye Benzi hakuchaniwa suti.

Mwanamke yule wa kituoni ndiye ambaye historia yetu imemwelewa vibaya kuliko wote. Ameitwa mwigaji, limbukeni, mtumwa wa Wazungu. Hebu tumweke mahali pake. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Sensa ya 1967 ikawakuta 272,821. Mji ulikuwa umejaa zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, na wengi katika hao wapya walikuwa wasichana waliokuja wenyewe, si kwa kufuata mume. Shule zilikuwa zimewafundisha kusoma na kuandika. Ofisi zilizoachwa na wakoloni zilihitaji makarani, wapiga taipu, wapokea simu, manesi. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wake, binti wa miaka 20 alikuwa na mshahara ulioandikwa jina lake, akapanga chumba Ilala au Magomeni, na jioni akaamua mwenyewe aende wapi.

Nyumbani kwetu kuna picha ya mama mkubwa iliyopigwa studio wakati huo. Nyuma yake kumechorwa mnazi na bahari. Gauni limekomea juu ya magoti, kichwani kuna wigi la duara, mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Watu wakiiona hucheka wigi. Mimi hutazama mkono wa kushoto: ameugeuza kwa makusudi ili saa ielekee kamera. Alikuwa mpiga taipu, kazini saa moja na nusu asubuhi, na saa ile aliinunua mwenyewe. Gauni, saa na mkoba vilikuwa tangazo la jambo moja ambalo hakuna barua ya kijijini ingeweza kulieleza vizuri hivyo, kwamba huyu anajimudu. Ukimuuliza kuhusu Operesheni Vijana hatoi hotuba. Anasema tu kwamba fundi cherehani wa mtaani kwao alipata kazi nyingi sana Desemba ile, kushusha pindo, na pale pindo lilipokuwa fupi alishona mkanda wa kitambaa kingine kwa chini. Halafu anaongeza, kwa furaha isiyofichika, kwamba haukupita muda mrefu yakaingia magauni ya maksi yanayoburura chini, wakayavaa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa fasheni, na wakubwa wakadhani wametiiwa.

Kwa hiyo nani alikuwa anaishi nchi mpya, na nani alikuwa anaihubiri? Dola lilitaka wanawake wasome, wafanye kazi, waachane na utegemezi. Hawa walikuwa wamekwishafanya. Kosa lao ni kwamba walipofika huko hawakungoja kuambiwa wavae nini. Na barua za wasomaji zilizofurika gazeti la The Standard miezi ile, ambazo nyingi zilipinga marufuku, zinaonyesha kwamba watu wa kawaida waliliona hilo palepale. Hoja moja ilijirudia: kama ni kusafisha utamaduni, tuanze na suti na tai za waheshimiwa, maana nazo hazikuota Dodoma.

Hoja hiyo haikujibiwa vizuri, wala haiwezi kujibiwa vizuri, kwa sababu ukianza kukagua nguo zetu kwa asili yake hutabakiwa na nguo. Chukua kanga, ambayo wakati ule na sasa ndiyo inayotolewa kama dawa ya kimini, vazi la heshima, vazi la mama. Kanga ilikuwa fasheni ya mji, tena fasheni kali. Ilishika kasi pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikichapwa ng'ambo, India na Ulaya, kwa kufuata alichotaka mnunuzi wa Unguja na Mombasa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilianza mwaka 1887, na chapa yake ya Mali ya Abdulla bado iko kwenye ubavu wa kanga hadi leo. Toleo jipya likiingia, doti za toleo la jana zililala dukani na mfanyabiashara akala hasara. Kama hiyo si fasheni, sijui fasheni ni nini.

Na waliovaa? Unguja, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliachana na kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa mali ya mtu, wakajifunga kanga za rangi na kujitanda kichwani, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la waungwana. Baadaye wakavaa na buibui. Waungwana wapo waliokereka: hawa nao wanataka kufanana na nani? Lile swali la Kariakoo la mwaka 1968, unajifanya nani wewe, lilikuwa limeulizwa katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, miaka sabini nyuma, tena kwa sababu ya kanga. Binti wa kanga wa mwaka 1900 na binti wa kimini wa mwaka 1968 wangeelewana mara moja. Wote wawili walinunua kitambaa kilichotoka mbali ili kusema kwamba hadhi yao imebadilika.

Shuka ya Mmaasai ina kisa kinachokaribiana na hicho. Wahenga wake walivaa ngozi. Pamba ya kiwandani, nyekundu na baadaye ya miraba, iliingia kupitia maduka ya wafanyabiashara, na kufikia wakati Mkoa wa Arusha unampiga vita morani kwa ushamba wake, nguo aliyokuwa ameivaa ilikuwa bidhaa ya kiwanda kama suruali aliyotakiwa kuivaa. Leo shuka hiyohiyo imepamba mabango ya utalii, ndege hutangazwa kwayo, na kijana wa Kimaasai hulipwa asimame nayo kwenye geti la hoteli ya Zanzibar. Dola lililoona haya kwa lubega sasa linaiuza. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kurudi Monduli kuomba radhi. Na huyo kijana wa getini, akimaliza zamu, huvaa jinzi yake akapanda daladala, na wateja wale wale wa hoteli wakimkuta hivyo husikitika kwamba utamaduni unapotea.

Hapa ndipo upande wa pili hunijibu: basi kila kitu ni sawa? Kila anayeiga ni mbunifu? Hapana. Tofauti kati ya kuiga na kuchukua ipo, na anayeielewa vizuri kuliko wote ni Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1969, mwaka ambao marufuku ya mawigi ilianza kazi, tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilitoka. Ya Julius Caesar ilikuwa imetangulia 1963. Kichwa chenyewe kimegeuzwa: mfanyabiashara wa Venisi wa Mwingereza amekuwa mabepari, na tamthilia ya karne ya 16 imeingia katika ubishi wa Azimio la Arusha. Hakuna aliyemwita limbukeni wa Kizungu, na ni haki, maana alichukua kitu cha watu akakifanyia kazi yake. Hata suti yake ile ya kola fupi isiyo na tai ilikuwa na harufu ya Beijing, na ilimkaa. Rais aliruhusiwa kuchanganya. Mpiga taipu hakuruhusiwa. Ukiondoa maneno yote ya utamaduni, ninachokiona kimebaki ni hicho: ruhusa, na mwenye kuitoa.

Nikubali kwamba upande wa vijana wa TANU una hoja moja ambayo imezidi kupata nguvu badala ya kufifia, na wenyewe waliipita harakaharaka. Ni ile ya nani anatengeneza nguo. Mwaka huohuo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Huo ndio usasa ambao hakuna binti anayeweza kuununua dukani: nyuzi, vitambaa, mafundi, mishahara. Viwanda vile vikachoka kimoja baada ya kingine, na leo tunavaa robota za mitumba zinazofunguliwa soko la Karume alfajiri, huku sehemu kubwa ya pamba yetu ikiondoka nchini bila kufumwa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuipunguza mitumba hadi iishe. Marekani iliponuna na kutishia soko lake, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Watu wanaweza kubishana kama Rwanda ilipata au ilikosa. Lakini huo ni ubishi wa maana juu ya nchi ya kisasa ni ipi, na ulihitaji mawaziri, mabenki na wahandisi. Kupima magoti kulihitaji rula tu, ndiyo maana kulipendwa.

Na kunapendwa bado. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda ndani ya maeneo ya Bunge, vazi ambalo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amelivaa mpaka likawa gumzo. Vazi lililobuniwa kizazi cha uhuru kilipotaka kuachana na tai ya mkoloni lilirudishwa nyumbani kwa kukosa tai. Kichekesho kamili. Ila wabunge wa Kenya angalau walizuiliwa kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo.

Dodoma tarehe 1 Juni 2021 aliyetolewa alikuwa mmoja. Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alikuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Mbunge mwenzake wa kiume alisimama kuomba mwongozo kwamba suruali hiyo inabana, na Spika Job Ndugai akamwamuru atoke akavae vizuri ndipo arudi. Baadhi ya wabunge wanawake walikasirika, wakataka aombwe radhi. Walioshangilia walisema maneno ambayo mwaka 1968 yangechapwa bila kubadilishwa hata nukta: heshima, maadili, utamaduni wetu.

Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa lililokuwa kabatini mwa Bunge hilohilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa na kizazi kilekile cha Operesheni Vijana, ilikuwa kwa mambo mengi sheria ya kisasa kwelikweli: iliweka ndoa za dini zote, za kimila na za bomani chini ya paa moja, ikampa mke wa kwanza nafasi ya kupinga mumewe akitaka kuoa wa pili, ikampa mke haki ya mali yake. Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana na wa kuolewa miaka 15 kwa msichana, na cha 17 kikataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliishinda serikali Mahakama Kuu: vifungu hivyo vinakiuka Katiba, virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, na mila na dini zikawa sehemu ya utetezi wake. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ikabaki kazi ya Bunge.

Hesabu miezi. Siku mbunge anatolewa kwa suruali, hukumu ya mwisho ilikuwa na mwaka mmoja na miezi saba mezani, na kifungu hakijaguswa. Hakuna aliyesimama siku ile kuomba mwongozo juu yake. Miaka mingine ikapita vilevile. Kila mara suala likirudi, tunaambiwa jamii ihusishwe kwanza, maoni yakusanywe, viongozi wa dini wasikilizwe, twende polepole. Sikatai kusikiliza watu. Nakumbuka tu kwamba Operesheni Vijana ilitoka kwenye azimio hadi utekelezaji ndani ya miezi mitatu, na morani alipewa muda mfupi wa kutafuta suruali bila mtu kumkusanyia maoni. Dola letu linajua kwenda mbio kuelekea usasa likitaka. Linakwenda polepole pale tu usasa unapomtaka mwanamume mzima aachie kitu.

Kwa sababu hiyo wale wanaolia kwamba vijana wa sasa, na suruali zao za kuchanika na nywele za rangi, wamepoteza mwelekeo, siwezi kuwapuuza wala kuwaunga mkono. Wengine wana uchungu wa kweli, wanaona watoto wakitumia wasichozalisha. Mzee anayetaka tujadili suruali ya mbunge nitakaa naye, chai nitalipa mimi. Ila kwanza anieleze ilikuwaje kifungu cha 13 kikakaa miaka hamsini mbele ya macho yetu, na watu hodari hivi wa kupima wasikione kuwa kifupi.